Vitabu vya Ustadh Marino

"Kalamu imevunjika," redio ya Motorola ilikoroma. "Rudia: kalamu imevunjika. Mkamate Ustadh. Akileta fujo, piga."

Mpelelezi Night alikuwa tayari juu ya pikipiki yake, Boxer nyekundu, akitimua vumbi la mtaa wa Mangateen, Juba, kama mwehu. Kalamu imevunjika maana yake ni moja tu: silaha zimepatikana.

Haikumwingia akilini.

Wiki tatu nzima alikuwa ameketi chini ya mabati ya Ustadh Marino, kati ya wauza mchicha na mafundi cherehani, akijifanya mwanafunzi. Kiarabu cha Juba alikuwa nacho, kile cha kununulia nyanya na kugombana na bodaboda. Kukisoma ndiyo kazi. Hata alifu kwa kijiti hakuijua, maana alikulia ukimbizini Kampala. Siku ya kwanza alifungua kitabu kwa upande wa kushoto, na darasa zima likaangua kicheko.

"Binti, umeingia kwa mlango wa nyuma," mzee alimwambia. "Kitabu cha Kiarabu mgongo wake uko kulia. Hata mtoto wangu wa chekechea hakosei hapo."

Aliyemtuma kumchunguza ni mkuu wake, Afande Lual. Na sababu ya kumshuku? Sauti! Marino alisomea Khartoum, na ile ain yake, herufi ya Kiarabu, ilitoka chini kabisa ya koo, nzito, ya kweli. Watu wa Juba wakiisikia hukumbuka vizuizi vya barabarani vya askari wa kaskazini wakati wa vita. Mtu anayeongea hivyo, walisema, lazima kuna anayemtuma. Hata Night, aibu ilioje, alikuwa amesema vivyo hivyo.

Bandari ya mtoni. Saa nane kasoro dakika ishirini mchana.

Marino alikuwa amepigishwa magoti kwenye saruji ya moto, pingu mkononi, mdomo unavuja damu. Mbele yake makatoni matatu ya vitabu vyake, vya kupelekwa kwenye shule za Malakal. Askari mmoja alikuwa amelitoboa katoni moja ubavuni na kuchomoa kitabu kimoja. Ndani kilikuwa kimechongwa shimo. Kwenye shimo, viwashio sita vya mabomu.

"Nilisema mimi," Fulgensio alisema. Huyu ndiye wakala wa mizigo aliyepiga simu ya siri, kijana wa shati lililonyooshwa na miwani ya Ray-Ban. "Mzee anaongea kama wale wa kaskazini. Mimi sijafungua boksi, hapana, mimi iko mtu wa makaratasi tu. Lakini moyo ilikataa."

"Na mengine?" Night aliuliza. "Yalikuwa kumi na mawili."

"Tisa iko ndani ya tishari. Ilikaguliwa jana, ikapigwa mhuri. Hiyo hakuna shida."

Tishari lilikuwa limejaa: akina mama na magodoro, mbuzi, jenereta, wanakwaya wa kanisa. Injini ilikuwa inanguruma. Zilibaki dakika kumi na tano ling'oe nanga.

Night alikiokota kile kitabu kilichotobolewa. Akamwaga viwashio taratibu kwenye mfuko wa mchanga, akalibana jalada, akakigeuza. Herufi zake bado hakuzijua vizuri. Lakini jalada likiwa juu, maandishi yakiwa wima, mgongo ulikuwa kushoto.

Kushoto.

 Aliyeficha viwashio alikuwa amelibandua jalada ili achonge shimo, kisha akaligandisha upya kwa gundi, mikono ikafuata mazoea ya vitabu vya Kiingereza. Mtu aliyefundisha Kiarabu miaka arobaini hawezi kufanya hivyo hata akiwa amelewa chakari. Mikono ingemkatalia. Hilo ni kosa la mtu kama Night mwenyewe.

Na kabla ya ukaguzi makatoni yalilala kwa nani? Kwenye stoo ya Fulgensio.

Aliminya kitufe cha redio. "Afande, simamisha tishari."

"Kwa nini? Mtu si umempata?"

"Nipe dakika tano."

"Mbili!"

Akalipasua kwa juu lile katoni lililotobolewa ubavuni. Kwa mkono wa kushoto alikichomeka kile kitabu kitupu chini kabisa, akiwa amempa Fulgensio kisogo asione. Kisha akachukua kitabu cha juu kabisa, akamrushia Fulgensio ghafla.

"Shika!"

Fulgensio hakujisumbua. Kitabu kilimgonga kifuani, kikaanguka, akacheka. "Dada, unacheza?"

Night akazamisha mkono hadi chini, akachomoa kingine. "Na hiki?"

Akakitupa juu zaidi.

Fulgensio aliruka. Alikidaka kwa mikono miwili, magoti yamekunjika, akakishusha kifuani polepole kama mtu aliyedaka yai. Jasho lilimtiririka chini ya miwani.



"Ajabu," Night alisema. "Mtu wa makaratasi, hajafungua boksi. Lakini anajua cha juu ni salama na cha chini kinaua. Kifungue basi. Ni kitupu."

Mkono wa Fulgensio ulikwenda kiunoni. Glock ya Night ilifika kwanza, mdomo wake umegusa miwani.

"Kalas," Fulgensio alinong'ona. Yamekwisha. "Mzee ilikuwa chambo tu, nyinyi mkamate yeye, ile tisa ipite. Mnunuzi anangojea Malakal."

Tishari lilizimwa injini. Makatoni tisa yakashushwa, na kila moja chini yake kulikuwa na vitabu vyenye mgongo kushoto.

Askari alimfungua Marino pingu, safari hii kwa upole. "Ita tamam?" alimuuliza. Uko salama?

"Ana tamam," mzee alijibu haraka kuwa yu salama, kwa Kiarabu chepesi cha sokoni, koo lake amelifunga. Ile sauti nzito haikuwepo. Alikuwa ameificha, kama mtu anayeficha kidonda.

Night aliumia kuliko kama angepigwa risasi. Hofu hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake pia.

"Kumbe wiki tatu ulikuwa unanichunguza," Marino alisema kwa Kiswahili.

"Ndiyo, Ustadh. Nisamehe."

 Mzee alipangusa vumbi kwenye kitabu kilichoanguka.

"Ustadh, somo lako linaitwaje?"

"Unalijua."

"Nataka kulisikia kwako. Hapa, mbele yao."

Mzee aliwatazama askari mmoja mmoja.  "Arabi," alisema, na ain ikapanda kutoka chini ya koo, nzito, hadi kwa wanakwaya kwenye tishari. Hakuna aliyeshika bunduki.

"Sasa wewe," mzee alimwamuru Night.

Night alijaribu. Ilimkwama. Mzee akatikisa kichwa.

"Kesho saa tatu. Bunduki ibaki nyumbani."

"Sawa, Ustadh." Night akavaa kofia ngumu, akawasha Boxer, akaondoka akijaribu tena peke yake.