Kikwembe cha Manjano

Kuku ndio walioanza. Asubuhi moja huku mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, angani hakuna kitu, kuku wa Mama Aisha walilala kifudifudi mavumbini, mabawa wazi, kama wanavyofanya helikopta ikipita. Mwanawe Yassini akatazama juu. Kimya. Kisha ikaja harufu ya kakao inayochachuka, na kwao hakuna mti wa kakao hata mmoja.

Huyo Yassini ndiye rubani wa helikopta ya vita pale uwanja wa ndege wa Mavivi, na Beni nzima inajua alichofanya upande wa Mabalako. Basoda, askari wa jeshi letu, walikuwa wamezungukwa na adui, risasi zinawaishia. Yeye akashuka katikati ya moto, akapiga roketi, wakatoka hai. Mama yake alimsimulia kila mgeni, mpaka majirani wakaikariri habari yenyewe.

Sasa basi, kila aliposimulia, kuku walilala. Na kila walipolala, kikwembe cha manjano, kitenge cha mwanamke kujifunga, kilionekana kimetandikwa mlangoni, kimelowa, kinanuka ile kakao. Yassini alikichoma kabla mama hajakiona, akaona haya mbele ya jivu tu. Kesho yake kilikuwa pale pale.

Akamwita Mwalimu Juma, anayesomea watu wenye majini. Mzee alikigusa kikwembe, akafunga kitabu chake.

"Hii hapana jini ya kufukuzwa na ubani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Niambie, mutoto wangu."

Yassini akanong'ona. Wakulima walikuwa wamefundishwa na jeshi: mkiona helikopta, tandikeni kikwembe cha manjano, mlale juu yake, hatutawapiga. Siku ile ya Mabalako adui alikuwa amejificha ndani ya shamba la kakao, na pembeni yake mwanamke amelala juu ya manjano, mikono juu.

"Nilimuona, Mwalimu. Basoda balikuwa banalia ku redio. Nikapiga."

"Hii kitu itakuuliza mbele ya batu. Ukisema kweli, itaenda. Ukikataa, itabakia ku mutu unapenda."

Ijumaa wale basoda waliookoka walileta mbuzi wa shukrani, mbele yao Kitsa, aliyeacha mguu kule. Mama Aisha akasimama kusimulia, akafika penye roketi. Harufu ikapanda kutoka jikoni, kutoka kwenye sahani, kutoka kwenye nguo za wageni, kuku wakalala mmoja mmoja, na yule mama mwenye heshima zake, asiyekaa chini bila mkeka, akatandika kikwembe ambacho hakuna aliyeona amekitoa wapi, akalala chali, akainua mikono, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke kijana, wala si yake.

"Yassini, uliniona?"

Wote wakamgeukia. Kitsa alikuwa akimtazama vile vile, kwa upendo, akingoja. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Yassini. Aibu ikalirudisha.

"Hapana," akasema. "Sikukuona."

Mama akaamka, akajipangusa vumbi.

"Lakini chakula inapoa, munaangalia nini?"

Wageni wakacheka kwa ahueni, wakamshukuru Mungu. Mwalimu Juma alivaa viatu vyake, akaenda bila kuaga.

Jumatatu Yassini aliruka kutoka Mavivi, akapita juu ya kwao. Kuku walilala. Mama yake akatoka jikoni mbio, akatandika kikwembe cha manjano, akajitupa juu yake, akamwinulia mikono, kama hajui ni mwanawe. Na Yassini alimwona vizuri, kama alivyomwona yule mwingine.