Skrubu Aliyoikaza Editha

Editha aliamka, akafagia uwanja, akachota maji, akachemsha chai ya rangi na kuinywa peke yake jikoni. Bibi yake, Bibi Yudith, alikuwa ametangulia shambani tangu kulipopambazuka, maana palizi haimsubiri mtu. Ndivyo zilivyokuwa asubuhi zote katika nyumba ile ya Mabwerebwere, mjini Kilosa. Watu walikuwa wawili, vyumba vitatu, na ukimya ulijaa kote. Editha alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba yake alifariki zamani sana, akabaki kumjua kwa picha tu.

Mama yake, Anastazia, alikuwa mtaalamu wa mifugo. Kituo chake cha kazi kilikuwa Mikumi, na kutoka huko alizunguka vijijini kwa pikipiki yake akichanja kuku na ng'ombe. Mara nyingine giza lilimkuta hukohuko, akalala kwa wenyeji. Kwa maisha ya namna hiyo hakuweza kukaa na mtoto wa shule. Alikuja kila Jumamosi mchana kwa njia inayopita kijiji cha Ulaya, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akaondoka Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo moja ndiyo Editha aliyoiishi. Nyingine alizivumilia tu.

Darasani aliketi na Kishiwa, binti wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Kishiwa alilalamika kila siku kwamba kwao wako tisa na hakuna hata pa kunyooshea mguu. Editha alicheka naye, lakini moyoni alimwonea wivu. Hakuwahi kumwambia. Hakuwa mtu wa kusema ya moyoni, na bibi alizoea kumtania kwamba mdomo wake umefungwa kufuli na ufunguo umetupwa Mto Mkondoa.

Mambo yaliharibika mafuta yalipopanda bei. Mama alisema pikipiki yake imezeeka na inakula mafuta kupita kiasi, hivyo tangu sasa atakuwa anaruka Jumamosi moja ndipo aje. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida. Editha naye akajibu, "Haya, mama," kwa sauti ya kawaida vilevile, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Siku chache baadaye alitumwa chumvi dukani. Pembeni mwa duka kulikuwa na kijiwe cha fundi Samson, ambaye alikuwa ameinamia pikipiki ya bodaboda mmoja. Editha alimsikia akieleza kwamba kabureta ndiyo inayochanganya mafuta na hewa kabla havijaingia kwenye injini, na ikirekebishwa vizuri pikipiki hupunguza ulaji. Kisha fundi akachukua bisibisi nyembamba, akazungusha skrubu ndogo ya shaba ubavuni mwa kabureta, huku ametega sikio kuusikiliza muungurumo. Bodaboda aliondoka ameridhika.

Editha hakuona fundi alizungusha upande gani, wala hakuuliza. Aliona jambo lenyewe liko wazi. Bomba ukilikaza, maji hayatoki. Basi na skrubu ukiikaza, mafuta yatapita kidogo. Kama ufundi ungekuwa rahisi hivyo, mafundi wote wangekufa njaa, lakini mtu mwenye hamu yake huwa hafiki mbali kwa mawazo.

Mama alipokuja tena, Editha alisubiri mpaka Jumapili asubuhi, mama alipoingia bafuni kuoga kabla ya ibada. Akachukua bisibisi ya cherehani ya bibi, akachuchumaa kando ya pikipiki, akaikaza ile skrubu ya shaba mpaka ikagoma. Mchana mama alipoiwasha, pikipiki ilikohoa kidogo kabla ya kuondoka. Editha alipunga mkono kwa furaha. Aliamini kuwa mama akishaona mafuta yanabaki, atarudi kuja kila wiki.

Wiki mbili zikapita, mama hakutokea. Bibi alipiga simu na kuiweka sauti ya juu. Mama alisema pikipiki inatoa moshi mweusi, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, na inamaliza mafuta kuliko zamani. Fundi mmoja wa huko alikuwa amemwambia injini imechoka kabisa. Hata kazini alikuwa anakwenda kwa kuomba lifti. Hivyo asingeweza kuja hivi karibuni.

Bibi alimkabidhi Editha simu ili azungumze na mama yake. Editha aliikumbuka ile skrubu. Akasema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, akaulizwa habari za shule, akajibu nzuri. Kisha akarudisha simu.

Jumamosi iliyofuata alifagia uwanja mara mbili. Aliketi kizingitini akasikiliza kila pikipiki iliyopita, ingawa alijua fika kwamba mama haji. Kishiwa alipopita kumwita wakacheze, alisema kichwa kinamuuma. Hakikumuuma. Alikuwa mpweke, na ubaya zaidi, upweke huo aliutengeneza kwa mkono wake mwenyewe na hakuwa na wa kumweleza. Jumamosi nyingine ikapita hivyohivyo, na nyingine tena.

Jumamosi ya nne lori la mahindi lilisimama mbele ya nyumba. Mama aliteremka, na pikipiki yake ikateremshwa kwa kamba. Alikuwa amepungua mwili. Alieleza kwamba amepata mtu wa kuinunua hapo Kilosa, naye atakuja kuiona Jumatatu, ila kwanza anataka fundi Samson aitazame. Wakaikokota wote wawili hadi kijiweni.

Samson alipiga kiki mara nyingi ndipo injini ikawaka, na moshi mweusi ukawafunika. Akaizima, akatikisa kichwa. Alisema moshi wa namna ile una sababu nyingi, na kwa kuwa mwenzake wa Mikumi ameshasema tatizo ni injini, itabidi aifungue yote. Akaanza kupanga spana chini. Mama alisimama akiitazama pikipiki yake kama mtu anayemuaga mgonjwa.

"Nikiiuza hii ndiyo basi, Editha," alisema taratibu. "Nitakuwa nakuja Pasaka na Krismasi, kama mgeni."

Samson alishika spana. Editha akamshika mkono.

"Fundi, usifungue," alisema. "Injini haina kosa. Mimi nilikaza skrubu ya kabureta."

Samson alimtazama, kisha akamwambia aonyeshe ni ipi. Editha akanyoosha kidole. Fundi aliijaribu kwa bisibisi, akaguna. Ilikuwa imekazwa mpaka mwisho.

"Hii haifungi mafuta, binti. Inafunga hewa," alisema. "Umeinyima pumzi, ikawa inabugia mafuta yasiyoungua. Usingesema, ningebomoa injini nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo."

Alichomoa plagi ya kuwashia injini, nayo ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria, akaisugua kwa brashi. Akafungua chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu la vijijini, na hapo akamweleza mama kwamba ulaji wa mafuta wa tangu mwanzo ulitokana na uchafu ule. Alilifua kwa sabuni, akalianika juani mpaka likakauka. Mwisho aliwasha injini, akailegeza skrubu kidogo kidogo huku akisikiliza, akairudisha nyuma robo mzunguko, akaiacha. Muungurumo ukatulia na moshi ukakoma. Samson alisema kwamba chujio likisafishwa mara kwa mara, mama anaweza kuja kila Jumamosi bila kuumia.

Mama alishukuru, akampigia mnunuzi simu kwamba haiuzi tena, lakini njia nzima ya kurudi hakumsemesha mtoto wake. Jioni ile Editha aliona afadhali angechapwa.

Kesho yake baada ya ibada, helmeti ikiwa tayari kichwani, mama alimwita uwanjani. Akamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Nilitaka uje kila wiki," Editha alijibu. "Nikikaa huku peke yangu naumia."

Mama alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani. Alimwambia kwamba kuchezea kitu cha mtu bila ruhusa ni kosa, na kulificha kosa lile zaidi ya mwezi ni kosa kubwa zaidi, maana siku yoyote kati ya hizo neno moja lingetosha kuiponya pikipiki. Tangu siku hiyo, kila akija, Editha ndiye atakayelisafisha chujio. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Na mimi nina kosa langu. Kule Mikumi nakula mkate nimesimama kwa sababu sina wa kuketi naye, na kila ukiniuliza nakwambia sijambo. Sikiliza, mwanangu. Pikipiki ikikosa hewa hutoa moshi, kila mtu akauona. Mtu akiwa mpweke hatoi moshi wowote. Ni lazima aseme, la sivyo hata mama yake mzazi hatajua."

Editha naye akaketi vumbini, kando yake.

"Basi nasema, mama," alisema. "Usiondoke leo."

Mama aliitazama barabara ya Ulaya. Kazi ilikuwa ikimngoja Jumatatu, na akilala hapa, ili aiwahi ingembidi aondoke alfajiri kabla ya jogoo wa kwanza. Alifungua mkanda wa helmeti, akaivua, akamwita bibi aongeze unga kwenye ugali.