Kupaka Rangi kwa Jacinta

Rafiki yangu Brígida, wa hapa mjini Oaxaca, alikosa usingizi tangu amzike dada yake. Jioni moja jirani yake Jacinta akamwita kwake, pamoja na majirani wengine watatu, wakapake rangi wanyama wa mbao wenye mabawa, angalau atulize moyo. Mvua ikashuka, umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro.

Wote wakaweka brashi chini. Brashi moja ikaendelea kudonoa: to, to, to.

"Nani bado anapaka? Acheni utani, jamani!" Brígida akasema.

"Tushikane mikono," Jacinta akanong'ona.

Wakashikana wote watano. Mlio haukukoma. Brígida akahisi matone baridi shingoni, akadhani paa linavuja.

Umeme uliporudi, Jacinta akamtazama mgongoni.

"Shoga, usijiguse."

Nukta za rangi ya bluu, bado mbichi, zilishuka kwa mstari kutoka kisogoni hadi ndani ya gauni.