Violeth Alijibu kwa Jina la Dada Yake

Kila asubuhi Violeth alifagia zizi la ndama, akachota maji bombani, akanywa uji, ndipo akashika njia ya shule. Alikuwa darasa la sita katika kijiji kimoja cha kata ya Maretadu, wilayani Mbulu. Mwaka huo kazi zake zilipungua kidogo, kwa sababu dada yake Philomena alikuwa nyumbani. Philomena alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri, na watu waliopita njiani walisimama kumpongeza baba yao, mzee Qamara.

Chuo kikuu kilichompokea Philomena kilikuwa na kampasi mbili. Moja ilikuwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, na huko alikuwa amepangiwa kusomea biashara. Nyingine ilikuwa mbali na mji, yenye mashamba na mazizi yake, na huko ndiko tiba ya mifugo ilikofundishwa. Philomena aliitaka hiyo ya pili. Alipokuwa sekondari, ugonjwa wa ndigana kali uliwaua ng'ombe wao mmoja baada ya mwingine, na bwana mifugo hakuwahi kufika. Philomena alikaa zizini na ng'ombe wa mwisho mpaka alipokata roho. Tangu siku hiyo hakutaja kazi nyingine. Basi aliomba ahamishiwe kampasi ya shamba, akajibiwa kwamba nafasi zimejaa, ila mtu akijitoa atapigiwa simu.

Baba hakupendezwa. Alisema hakumsomesha binti yake miaka yote hiyo ili akanuse tena samadi aliyoinusa tangu kuzaliwa. Mwenye akili, alisema, huenda mjini. Philomena alimjibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. Mwishowe baba alisema maisha ni yake, achague mwenyewe, ila uso wake haukukunjuka.

Violeth alikuwa upande wa baba, kwa sababu zake mwenyewe. Alikuwa amemwambia Loveness, rafiki yake wa dawati moja, kwamba likizo zote atazimalizia Dar es Salaam kwa dada yake. Loveness aliposikia habari za kampasi ya shamba, alimuuliza mbele ya wenzao, "Kumbe dada yako anakwenda chuo kikuu kuchunga?" Darasa zima likacheka. Kicheko kile kilimkaa Violeth kama mwiba mguuni.

Nyumbani kwao mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye nguzo ya lango la zizi. Mama yao, Marieta, alitundika kikapu hapo, na simu ya familia ilikaa humo mchana kutwa. Jumamosi moja mama na Philomena walikwenda Tumati kwenye msiba wa jamaa. Baba alikuwa shambani akivuna maharage. Kabla ya kuondoka, Philomena alimshika mdogo wake begani.

"Wakipiga wa chuoni, waambie wewe ni mdogo wangu, na kwamba dada amekubali. Usiongeze kitu."

Jua lilikuwa limepanda simu ilipoita. Sauti ya mwanamke, ya upole, iliuliza, "Naongea na Philomena Qamara?"

Violeth alifungua kinywa ili aseme kama alivyoagizwa. Kicheko cha darasani kikamrudia masikioni.

"Ndiyo, ni mimi," alisema.

Yule mama wa chuoni alimweleza kwamba kuna aliyejitoa, na nafasi ya tiba ya mifugo ni yake kama bado anaitaka. Kama haitaki, yuko mwingine anayeisubiri.

"Sitaki tena. Nitakwenda Dar."

"Una hakika, binti yangu?"

"Nina hakika."

Akatakiwa masomo mema. Violeth aliifuta ile namba kwenye simu, akaenda kusugua sufuria. Baba alirudi mchana kula, akaondoka tena. Philomena aliporudi na kuuliza, Violeth alisema hakuna aliyepiga.

Siku zikapita. Philomena alikuwa akifanya kazi karibu na lango ili asikose simu. Uvumilivu ulipomwishia alipiga mwenyewe. Karani mwingine aliyepokea alimwambia kwamba imeandikwa pale kuwa simu ilipigwa Jumamosi, nafasi ikakataliwa, bila kutajwa ni nani aliyejibu, na sasa imeshachukuliwa.

Philomena alimfuata Violeth jikoni. Alitaka kujua ni nani aliyekuwa nyumbani siku ile.

"Baba alirudi mchana kula," alisema Violeth.

Halikuwa neno la uongo, kwani baba alirudi kweli. Lakini lilifanya kazi ya uongo. Philomena alitoka nje bila kuuliza zaidi, akamkuta baba yake akinoa jembe.

"Baba, ungeniambia tu nisiende," alisema. "Ningekutii. Kwa nini ulinikatia njia kwa siri?"

Mzee Qamara alisema hakuigusa simu. Hakuna aliyemwamini, maana wote walijua alichokitaka. Mama aliacha kumsemesha. Chakula alipelekewa, akala peke yake. Siku moja alimgeukia Violeth mbele ya wote, akamwomba aseme alichokiona, kwani yeye alikuwepo. Violeth aliinamisha macho, akasema wakati ule alikuwa bombani. Baba alimtazama, kisha akatoka kwenda zizini.

Alasiri moja walikuwa uani wakipura maharage. Baba alikuja akasimama mbele yao, kofia mkononi. Violeth hakuwahi kumwona akivua kofia mbele ya watoto.

"Philomena," alisema, "sikufanya jambo hilo. Lakini nyumba hii imekuwa baridi, na mama yako hanijibu. Kama kukubali kosa kutarudisha amani, basi nimekubali. Nisamehe, mwanangu."

Fimbo ilimtoka Violeth mkononi. Alilia kwanza, ndipo akasema. Alisema yote: simu, jina la dada yake alilolitumia, namba aliyoifuta, hata kicheko cha Loveness. Alipomaliza, mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Philomena hakumpiga wala kumtukana. Aliinuka, akaenda zake shambani, na hakurudi mpaka chakula kilipokuwa kimepoa.

Baba pia hakumpiga. Kesho yake alimsimamisha kwenye nguzo ya lango, akampa simu, akamwamuru awaeleze wa chuoni ukweli kwa jina lake mwenyewe. Yule mama mpole alisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika, lakini aliyepewa nafasi alikuwa amesharipoti, na asingeweza kufukuzwa. Shauri pekee lilikuwa Philomena aache nafasi ya jijini na kuomba upya mwaka unaofuata.

Philomena alikubali. Wenzake walipoondoka kwenda vyuoni, yeye alibaki, akawa anafuatana na bwana mifugo kwenye majosho na kwenye chanjo. Watu walimuuliza mbona hajaenda, na kila mara alijibu kwamba nafasi iliharibika. Hakumtaja mdogo wake hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza Violeth kuliko fimbo. Loveness, aliyecheka, alikuwa ameshasahau.

Mwaka uliofuata Philomena alipata kampasi aliyoitaka. Asubuhi ya safari alimkumbatia mama, akampigia baba magoti kumuaga. Violeth alipewa mkono tu. Maagizo yote ya kuulizia barua na simu zake, Philomena alimwachia mama.

Basi lilipokwisha kuondoka, Violeth alimuuliza baba dada atamsamehe lini.

"Amekusamehe siku nyingi," alisema mzee Qamara. "Kukuamini ndiko bado. Msamaha mtu hutoa siku moja. Uaminifu ukishauvunja, utaujenga kidogo kidogo, na hujui utamaliza lini. Mimi sikuitaka kampasi ile, nikamwambia dada yako usoni, naye akanijibu. Wewe ulimnyamazia, kisha ukamwamulia maisha yake kwa jina lake. Na ulipoona mimi natwishwa mzigo wako, uliniacha niubebe. Ukitaka kumpinga mtu, mpinge mbele yake. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijabebeshwa mtu mwingine."

Violeth aliitikia kwa sauti ndogo. Baba akatangulia kurudi nyumbani, naye akamfuata nyuma.