Redio kwenye Dirisha Namba Tatu

Kila asubuhi Redio aligonga meza mara mbili kwa kijiko. Baba yake hakusikia mlango, wala jogoo, wala mvua juu ya bati, lakini mtikisiko wa meza aliuhisi mkononi, akajua kwamba chai iko tayari. Mama alikuwa ameshatoka zamani kwenda hospitali, ambako alifua mashuka ya wagonjwa.

"Leo tena forodhani?" baba aliuliza kwa sauti kubwa, kama kawaida ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Ndiyo, baba! Leo tena!" Redio alijibu akiwa ameliinamia sikio la kushoto, lile lenye nafuu.

Jina hilo la Redio alipewa na wenzake wa darasa la sita. Walikuwa wakipita karibu na nyumba yao, wakasikia habari zote za ukoo zikitangazwa kupitia dirishani. Naye hakukasirika, maana ni kweli alikuwa chombo cha habari cha baba yake. Watu walisema, yeye akapaza. Miaka kumi na minane ya kusaga nafaka kando ya mashine inayonguruma ilikuwa imemmaliza baba masikio, na sasa hata kazi yenyewe ilikuwa mashakani. Miezi miwili iliyopita mkanda wa mashine ulikatika. Wenzake walimwita apishe, hakusikia, mkanda ukampita shavuni kwa upana wa kidole. Mwenye kinu alimwambia Redio amfikishie ujumbe: "Mwambie baba yako nampenda, lakini sitaki kumzika. Kama hatapata tiba ya masikio hayo, nitatafuta fundi mwingine."

Ndipo mjomba, kaka yake mama anayefanya kazi ng'ambo, akanunua vifaa vidogo vya kuvaa masikioni ili baba asikie. Vilisafirishwa, vikafika salama, vikakwama forodhani. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alijua kwa nini vimekwama, na mtu huyo alikuwa Redio.

Siku ile mjomba alipiga simu akiwa anatuma mzigo. "Hebu muulize baba yako, niandike nini kwenye fomu?" alisema. Redio alikuwa amechoka. Alikuwa amepaza sauti tangu asubuhi, koo linamuwasha, na baba alikuwa uani anapasua kuni. Akakumbuka maneno ya rafiki yake wa dawati moja, aliyeapa kwamba ukiandika vitu vya kuchezea watoto, mzigo unapita bila ushuru.

"Baba amesema uandike vitu vya kuchezea," Redio akajibu.

Baba hakuwa ameulizwa chochote.

Safari ya kwanza walipanda ngazi za jengo la forodha wakiwa na furaha. Walichukua namba, wakakaa kwenye benchi la chuma chini ya feni iliyozunguka kwa kulalamika, mpaka wakaitwa dirisha namba tatu. Nyuma ya kioo aliketi afisa, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni.

"Fomu inasema vitu vya kuchezea," afisa alisema kupitia tundu dogo la kioo. "Lakini mashine yetu ya kukagulia inaonyesha vifaa vya umeme na betri. Muulize mzee, nani aliamua iandikwe hivi? Nataka maelezo ya maandishi."

"Tutaleta, mama," Redio alisema haraka. Akamshika baba mkono, akamtoa mpaka nje kwenye ngazi, mbali na masikio ya watu, ndipo akapaza: "Anasema mzigo haujapangwa! Turudi wiki ijayo!"

Wiki iliyofuata afisa aliuliza maelezo yako wapi, na Redio akasema baba hajamaliza kuandika. Kule nje alipaza: "Mtandao wao haufanyi kazi!" Baba aliamini mara moja. Kisingizio hicho nani asiyekiamini, maana mara nyingi huwa ni kweli.

Hii ilikuwa safari ya tatu. Mwalimu alikuwa amempa Redio ruhusa kwa shingo upande, na mwenye kinu alikuwa amempa baba ruhusa kwa kuguna. Baba alisimama katikati ya ngazi mara mbili kupumzika, unga wa jana ukiwa bado kwenye nyusi zake. Redio alimtazama, akajisikia vibaya sana, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko ubaya huo. Baba alimwamini kuliko mtu yeyote. Angemwambiaje?

Walipoitwa, baba aliketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya dirisha.

"Binti, leo ni siku ya ishirini na tisa," afisa alisema. Hata yeye alionekana kuchoka. "Mzigo ukifikisha siku thelathini bila maelezo, unarudishwa ulikotoka. Kesho unaondoka. Mwambie mzee."

Redio alimshika baba mkono kama kawaida, amtoe nje. Safari hii baba hakuinuka.

"Ngoja kidogo, magoti yananiuma," alisema kwa ile sauti yake kubwa, na ukumbi mzima ukageuka. "Mwanangu, kama wamekataa, niambie tu. Sitakasirika. Unakosa masomo kwa ajili yangu. Turudi nyumbani. Kutosikia nitazoea."

Redio alipiga magoti kando ya sikio la kushoto.

"Baba, nilidanganya," alisema polepole.

"Nini?"

"Nilidanganya."

"Eti nini? Paza, mama, sikusikii."

Akavuta pumzi. "Nilidanganya, baba! Mimi ndiye niliyemwambia mjomba aandike vitu vya kuchezea! Hukuniambia wewe! Sikukuuliza! Na mtandao ulikuwa unafanya kazi! Huyu mama anataka maelezo tangu siku ya kwanza, nikakuficha! Kesho mzigo unarudishwa!"

Mwanamume mmoja aliyebeba maboksi ya vipuri alikata simu yake katikati ya neno. Mtoto mdogo akacheka, mama yake akamfinya. Redio alitamani kuomba radhi, lakini neno hilo lilimshinda. Angeombaje radhi kwa kupiga kelele?

Baba hakumgombeza, na hilo lilimuuma Redio kuliko kofi. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Na hii barua ya daktari, inasaidia?" aliuliza.

Afisa aliipokea, akaisoma, akavua miwani. "Muulize mzee amekuwa nayo tangu lini."

Redio akauliza. "Tangu siku ya kwanza," baba alijibu. "Nilikuwa nangoja niulizwe."

Afisa alitikisa kichwa. "Binti, vifaa vya mgonjwa mwenye barua ya daktari havitozwi ushuru hapa. Mngesema kweli, mngeondoka navyo siku ile ile. Sasa mtalipia siku vilizokaa ghalani kwetu."

Ushuru ambao Redio alitaka kuukwepa haukuwapo. Alipewa kalamu, akaandika maelezo yote kwa mkono wake, bila kuacha hata lile la mtandao. Baba akatia saini, akalipa gharama ya ghala. Afisa alifungua mzigo mbele yao, akakuta risiti ya dukani ndani, akagonga mhuri. Mambo ya wiki tatu yakaisha kwa robo saa.

Siku mbili baadaye daktari wa masikio alimvisha baba vile vifaa na kuvirekebisha. Walipotoka hospitali, baba alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kusikiliza viatu vyake mwenyewe. Walipita kinuni. Mwenye kinu alijificha nyuma ya magunia, akaita, "Fundi!" Baba akageuka papo hapo. "Basi Jumatatu kazini," mwenye kinu akasema, akacheka.

"Umemsikia, baba?" Redio alipaza kwa mazoea.

Baba alikunja uso. "Taratibu, utanitoboa!"

Walitembea kidogo, kisha baba akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, wiki zile sikusikia hata neno moja la yule mama. Nilisikia ulichotaka nisikie. Masikio yangu yaliharibiwa na mashine, lakini mashine haikukusudia. Mtu akikutegemea umwambie dunia inasema nini, mpe ukweli wote, hata ukikuaibisha. Aibu ya kusema kweli inapita mara moja. Uongo ulitupandisha ngazi zile mara tatu."

Redio aliinamisha kichwa. Gari lilikuwa likipita, watu walikuwa wakipiga soga barabarani, naye alisema kwa sauti ndogo mno, sauti ambayo hakuwa ameitumia na baba yake kwa miaka:

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia," baba akasema.