Zimwi la Darajani

Kila alasiri, wakishabadili sare na kuosha vyombo, Kalamu na binamu yake Goti waliingia chini ya meza ya kukatia nguo, katika chumba cha bibi yao mshonaji. Juu yao cherehani ililia tararara. Chini, ufalme mzima ulitandazwa sakafuni: mito ya chaki, milima ya vitambaa, na watu wa vifungo kutoka kopo la Bibi. Vifungo vyeupe walikuwa wanadamu. Vidogo vya shati, mbilikimo. Kile cha dhahabu, mwana wa mfalme. Kile kikubwa cheusi, cha koti kuukuu, kilikuwa zimwi.

Kalamu aliitwa hivyo kwa sababu sheria zote za mchezo aliziandika yeye. Sheria ya nne ilisema: "Mazimwi yote ni waongo na wezi."

Mchezaji wa tatu alikuwa Kimya, binti wa mzoa taka wa mtaa ule. Siku ya kwanza Goti alimsukumia kifungo cheusi. "Shika zimwi. Linakufaa," alisema, akaziba pua kwa mzaha. Kimya akakipokea. Tangu hapo kazi yake ikawa moja: zimwi lisimame darajani mpaka liuawe.

Jumatano moja mwana wa mfalme hakuonekana kopo zima.

"Jana alikuwepo," Goti alisema. "Labda zimwi limemla!"

Kalamu akacheka. Kisha kicheko kikamwisha, akamgeukia Kimya. "Hebu tuone mifuko yako."

Alisema kama mzaha, ila mkono alikuwa ameunyoosha.

Kimya akaigeuza mifuko yote miwili nje ndani. Kikaanguka kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Hakukiokota. Akaweka kifungo cheusi kiganjani mwa Kalamu, polepole, akatoka.

Cherehani ikanyamaza. "Mnatafuta nini huko chini?"

"Kifungo cha dhahabu, Bibi. Tulidhani Kimya..."

"Kimya?" Bibi akavua miwani. "Nimekichukua mimi asubuhi. Koti la mpiga tarumbeta lilipungukiwa kimoja. Mbona mimi hamkunikagua?"

Goti akayatazama magoti yake yaliyochubuka. Kalamu, masikio yakimwaka moto, akakunjua kile kikaratasi.

"Zimwi langu liliiba mbuzi mara moja, lilipokuwa na njaa," Kimya alikuwa ameandika. "Mpaka leo linaona haya. Chini ya daraja wamelala watoto wake, na wanadamu hupita na mienge. Ndiyo maana linasimama pale. Hakuna aliyewahi kuliuliza."

"Bibi," Kalamu alisema kwa sauti ndogo, "nenda ukamwombe radhi."

"Niende mimi? Mdomo uliokosea ni wako, mjukuu wangu. Na miguu unayo."

Kalamu alimkuta Kimya na baba yake wakiosha magurudumu ya mkokoteni.

"Kifungo alikichukua Bibi. Nimekuita mwizi bure. Nisamehe."

Kimya aliendelea kusugua gurudumu. "Na kama kisingeonekana? Ungeniamini?"

"Nisingekuamini," Kalamu alisema. "Ila kuanzia leo nitakuuliza kwanza."

"Afadhali umesema kweli."

Kalamu akafungua kiganja chenye kifungo cheusi. "Basi nauliza. Ewe zimwi, watoto wako ni wangapi?"

Kimya akajaribu kununa, akashindwa. "Watatu. Lakini kesho zimwi ni Goti."

"Na mimi je," baba yake akadakia, "mbona sipewi hata umbilikimo?"

Kesho yake Kalamu alifuta sheria ya nne mpaka karatasi ikatoboka. Bibi akainama, akatazama chini ya meza, sindano mkononi.

"Kifungo hicho cheusi," alisema, "kilifunga koti la babu yenu miaka kumi ya baridi. Hakikung'aa hata siku moja, na hakikumwacha. Wajukuu zangu, mtu hapimwi kwa kazi ya baba yake, wala kwa kosa la siku moja. Msimwandikie sheria kabla hamjamuuliza habari zake. Na wewe pia, Kimya, wewe ni mjukuu wangu. Haya, nani anaanza?"

"Zimwi!" wakajibu wote watatu.