Sauti ya Baba Kalaba na Python Mpya

Tangu Kalaba afe, nyumba yake pale mtaa wa Annexe imepoa. Mjane wake, Léonie, anasonga bukari, ugali wetu, kidogo tu. Redio haiwashwi.

Jumamosi familia ingemaliza kilio. Ndugu wa Kipushi wangekuja, na Mardochée, mwana wa marehemu, aliahidi kuwasikilizisha sauti ya baba yake. Kalaba alijirekodi akiwa mgonjwa, akiongea na watoto wake. Rekodi ilikuwa ndani ya kompyuta ya Mardochée, na hapakuwa na nakala nyingine.

Lakini kwenye rekodi hiyo kelele za jenereta ya jirani zilifunika maneno. Mardochée alipata programu ya kuondoa kelele. Programu hiyo ilidai Python mpya. Python ni lugha ya kuandikia programu, na kompyuta yake ilikuwa na toleo la zamani.

Kwetu Lubumbashi, umeme ukirudi kila mtu anakimbia kabla haujakatika tena. Mardochée naye alikimbia. Aliondoa Python ya zamani kwanza, ili mpya ikae peke yake. Kompyuta ilimwonya kwamba vitu vingi vitaondoka pamoja nayo. Hakusoma. Alijibu ndiyo.

Alipoizima na kuiwasha, skrini ilibaki nyeusi.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ordinateur imekufa."

Léonie aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Na sauti ya baba yako?"

Mardochée alichukua simu. Alimpigia rafiki yake, akamweleza.

"Formater tu, utaanza upya," rafiki alisema.

Kuformater ni kufuta kila kitu. Ee jamani! Kompyuta ikiugua kidogo, vijana wetu wanajua dawa hiyo moja tu. Inaniudhi kweli.

"Usiguse!" Léonie alilia. "Baba yako tulimuzika mara moja. Hautamuzika tena."

Alikwenda mwenyewe kumwita Mounira, jirani anayetunza kompyuta za shule, ambaye Mardochée humwita yaya, yaani dada. Mounira alikuja na flash yake.

"Ulitosha nini humu, uliondoa nini?" aliuliza.

"Python ya zamani, yaya. Nilitaka mupya ndiyo ifanye kazi."

"Ah, Mardochée! Ile ya zamani ndiyo mfumo wa ordinateur unatumia kuwaka. Umefukuza mupangaji, kumbe ni yeye alikuwa na funguo za parcelle, za kiwanja kizima."

"Sauti iko?" Léonie aliuliza.

"Sijui bado, mama. Tuangalie."

Mounira aliiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwa kwenye flash. Faili ya Kalaba ilikuwepo. Léonie alikaa chini. Kabla ya kugusa kitu kingine, Mounira alinakili faili kwenye flash, kisha kwenye simu ya Léonie.

"Hii ulipaswa kufanya mbele ya yote," alimwambia Mardochée.

Halafu akarudisha Python ya zamani na vyote vilivyoondoka nayo. Skrini ikarudi. Mwisho akaweka Python mpya pembeni.

"Sasa ziko mbili?" Mardochée alishangaa.

"Ziko mbili, na hazigombani. Ile ya mfumo usiiguse. Mupya unaiita kwa namba ya toleo lake, na unaipa folda yake ya kazi. Siku unataka kubadilisha ya mfumo, pandisha mfumo wenyewe kwa toleo jipya. Utakuja na Python yake. Unasikia?"

"Nasikia, yaya."

Programu ilifanya kazi, na rekodi iliyosafishwa ikangoja Jumamosi bila kusikilizwa. Ndugu wa Kipushi walitumiwa nakala ya rekodi ya kwanza, ili sauti isikae tena mahali pamoja.

Jumamosi watu walijaa uani. Kalaba akaongea. Jenereta haikusikika tena. Kila neno lilisikika, na katikati ya maneno, pumzi yake pia: fupi, nzito, ya mtu anayeumia. Hakuna aliyewahi kuisikia kwenye rekodi, kwa sababu kelele ziliifunika.

Mardochée alinyoosha mkono aizime.

Léonie alimshika. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Acha," alisema. "Alivumilia ili atuambie. Na sisi tuvumilie mpaka amalize."